Neno Lisilo na "Ji"

Kikao cha tatu. Aberystwyth, mvua inakuja kwa ubavu,
chai imepoa ndani ya birika la bati,
na neno ni lile lile la juzi: dysgu.

Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu.
Sina kura. Nina kalamu na mafua.

Neno lenyewe fupi, la pumzi moja,
ila lina milango miwili na watu hupishana ndani:
anayefunza, dysgu; anayefunzwa, dysgu.
Halina ile "ji" ndogo
inayomgeuza mtu ajirudie mwenyewe,
halina kiungo cha kutuambia
huyu katoa, yule kapokea.

Daktari Tegwyn Bebb, wa falsafa, akavua miwani:
"Dhana isiyo na mpaka ni ukungu.
Shule zinasubiri. Mtaala hauandikwi kwa ukungu.
Tulipasue. Moja, kufunza. Mbili, kujifunza."

Mererid Gittins, wa sosholojia:
"Mpaka wa nani? Anayeutaka
ni yule anayejua mshahara uko upande gani wa meza."
Wakacheka. Nikaandika: kicheko.
Nikafuta.

Wakaleta ushahidi. Barua za wachunga kondoo,
daftari za kanisa, shajara ya fundi viatu,
kila sentensi wakaisimamisha mezani, wakaihoji:
wewe, uko wapi?
Nyingi zilijibu upesi, kama watoto waoga.
Moja ikanyamaza:
jioni zote za baridi, Nansi alikuwa dysgu kushona.
Nansi yupi? Mwenye sindano,
au mwenye vidole vilivyochomwa?
Saa nzima walimtafuta Nansi.
Amekufa miaka mia moja, wala hakusaidia.

Hapo ndipo Eirlys Prosser, mtunza kadi,
aliyekuwa kimya tangu Jumatatu,
akasema kuhusu mawe.

"Baba yangu alipasua sleti kule Blaenau, zile za kuezekea.
Jiwe hulipasui unapotaka wewe.
Unaweka patasi ukingoni, unagonga kidogo, unasikiliza.
Likikubali, linafunguka kama kitabu.
Lisipokubali, ondoa patasi,
la sivyo utafagia vifusi mpaka kengele ya jioni.

"Kiharusi kilimfunga ulimi.
Nikakaa kitandani kwake nikimtamkisha vipimo vya vigae,
maana kila kipimo kina cheo cha mwanamke:
malkia, binti mfalme, bibi.
Nikasema, bibi, inchi kumi na nne.
Akapiga godoro kwa mkono wake mzima.
Kumi na sita, akasema.
Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi minne.

"Basi niambieni. Saa ile, nani alikuwa dysgu?
Niandike kadi namba moja, au namba mbili?"

Mvua ikachukua zamu yake ya kusema.

Bebb si mtu wa kushindwa na machozi, na sawa, asishindwe.
"Lakini alijua umekosea," akasema taratibu.
"Kwa hiyo mpaka ulikuwapo. Mliuvuka, basi."

"Upo," akajibu Eirlys. "Umelala mle kama mshipa wa jiwe.
Kuuona ndiyo kazi yetu.
Kugonga, hiyo ni shauri nyingine."

Bebb akaandika kitu kwenye bahasha, akakikata,
akakiandika tena.

Wakapiga kura. Nne kwa tatu: lipasuliwe.
Bebb alikuwa miongoni mwa wale watatu,
jambo ambalo Mererid hajalielewa hadi leo,
na yeye mwenyewe, alipoulizwa ngazini,
alisema tu kwamba inchi kumi na sita ni inchi kumi na sita.

Wakaondoka na miavuli yao.
Nikabaki na karatasi, maana lazima kila kikao
kifungwe kwa sentensi moja ya kueleza kilichotendeka.
Nilijaribu tatu. Zote zilitaka nichague.
Mwisho nikaandika:
leo kamati ilikuwa dysgu.

Wiki iliyofuata waliisoma, wakatia saini.
Hakuna aliyeniuliza upande upi.